Mkataba wa miaka 25 ulioanza tukiwa barabarani

Jumatatu ya Julai 1, 2024, simu za vijana wa Kibera na Kawangware zilikuwa na habari moja tu. Wiki iliyotangulia, Juni 25, waandamanaji walikuwa wameingia Bungeni, vijana wenzetu walikuwa wamepigwa risasi na kufa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha. Ukifungua TikTok, maandamano. Ukipita base, maandamano. Kwenye matatu za 46 kutoka Kawangware kwenda tao, watu wasiojuana walikuwa wakibishana kuhusu VAT utadhani ni ndugu wa nyumba moja.

Siku hiyo hiyo, bila kelele yoyote, mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika. Jina lake kamili ni Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi, lakini wengi wanaujua kwa ufupisho wake, EPA. Ulikuwa umetiwa saini Nairobi mnamo Desemba 18, 2023, Rais Ruto na Rais wa Tume ya Ulaya, Ursula von der Leyen, wakiwa hapo. Bunge la Ulaya likaupitisha Februari 29, 2024. Wetu wakaupitisha pia. Kisha Julai ikafika, na sisi tulikuwa na mambo mengine.

Hiki ndicho kizazi kilichosoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kikautafsiri kwa lugha za nyumbani, kikaueleza kwa video za dakika moja. Huu hakikuusoma. Sisemi hivyo kwa kulaumu, maana ushuru wa mkate unauelewa bila mwalimu, ilhali EPA ni mamia ya kurasa za majedwali na namba za forodha. Lakini Mswada wa Fedha huja kila mwaka, na kilichoharibika mwaka huu kinaweza kurekebishwa mwaka ujao. EPA inapanga ushuru wa forodha kwa miaka 25. Kama ulikuwa na miaka 20 siku hiyo, utakuwa na 45 ushuru wa mwisho kwenye ratiba utakapoondolewa.

Kwa hivyo tuufungue sasa, tukianzia pale ambapo mtu wa Kibera anaona biashara ya dunia kwa macho yake kila asubuhi: Toi.

Soko la Toi liko ukingoni mwa Kibera, upande wa Makina na Ngong Road. Limeungua mara kadhaa na kila mara limejengwa upya kwa mbao na mabati. Hapo unajifunza uchumi haraka. Robota likifunguliwa, nguo kali zinazotoka kwanza zinaitwa kamera, na anayezitaka lazima awahi na awe na pesa. Zikishachaguliwa na kuchaguliwa tena, kinachobaki ni fagia, unauziwa kwa bei ya kutupa. Kawangware ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba huko wengi hutandika turubai kando ya barabara na kuita wateja kwa sauti.

Mwezi Machi 2016, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuacha polepole kuagiza mitumba ili viwanda vya nguo vya kwetu vifufuke, na lengo lilikuwa 2019. Ushuru ukapandishwa kutoka senti 20 za dola hadi senti 40 kwa kila kilo. Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikawasilisha malalamiko kwa serikali yao. Kilisema kwamba nchi zinazofunga mlango kwa mitumba hazistahili kuendelea kunufaika na AGOA, ile sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilitazama viwanda vya Athi River vinavyoshonea soko la Marekani, ikapiga hesabu, ikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ilikuwa imepandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha tofauti kubwa ambayo wanasiasa wetu huipitia juu juu. AGOA si mkataba. Ni zawadi, na mwenye zawadi anaweza kuichukua. Muda wake uliisha Septemba 30, 2025 bila Bunge la Marekani kuwa limeuongeza, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakabaki wakisubiri uamuzi wa watu wasiowajua. EPA ni kitu kingine. Ni makubaliano ya pande mbili: hakuna upande unaoweza kuamka siku moja na kuufuta ushuru nafuu kwa hasira, lakini nasi tumeahidi kitu. Ulaya haitoi bure.

Je, tumeahidi nini? Maandishi ya asili, yaliyojadiliwa na EAC nzima, yanasema asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Umoja wa Ulaya zitaingia bila ushuru mwishoni mwa ratiba. Usishtuke mapema. Zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa tayari zinaingia bila ushuru, kwa mfano mashine na malighafi za viwandani. Zinazobaki zinafunguliwa hatua kwa hatua, na zile nyeti zaidi zimewekwa mwishoni kabisa. Kisha kuna orodha ya bidhaa zilizoachwa nje moja kwa moja: baadhi ya mazao ya kilimo, mvinyo na pombe kali, plastiki, karatasi, vyombo vya udongo na vya kioo, magari, viatu, na nguo.

Nguo zimo kwenye orodha hiyo ya kulindwa. Mtu akikwambia pale Toi kwamba EPA itashusha bei ya robota, mwambie asome tena. Na akikwambia itaua mitumba, pia si kweli. Suala la mitumba tuliachiwa wenyewe, jinsi lilivyokuwa.

Mlango uliokuwa wazi tayari

Siku ya kutia saini tuliambiwa kwamba soko la Ulaya sasa limefunguka. Hapo ndipo napata shida kidogo na lugha ya serikali, kwa sababu soko hilo lilikuwa wazi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mjini Arusha mwaka 1969. Februari 28, 1975, mjini Lomé, Togo, nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilitia saini mkataba mkubwa zaidi na nchi tisa za Ulaya. Kenya ilikuwa mojawapo. Chini ya Lomé, karibu bidhaa zetu zote ziliingia Ulaya bila ushuru, na sisi hatukulazimika kufungua soko letu kwa kiwango hicho. Wakati huo Ulaya ilikubali kwamba mtoto na mtu mzima hawabebi gunia moja.

Kilichobadilisha mambo ni ndizi. Nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, zikiungwa mkono na Marekani, zililalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba Ulaya inapendelea ndizi za makoloni yake ya zamani. Zikashinda. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ukaja na masharti mapya: upendeleo wa upande mmoja ungevumiliwa hadi mwisho wa 2007, na baada ya hapo kila kanda ijadili mkataba wa kufunguliana milango. Mikataba hiyo ndiyo EPA.

EAC iliingia mazungumzoni kama kanda. Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba hiyo moja watu hawakuwa na shida moja. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kwa sababu hiyo tangu 2001 zinauza Ulaya bila ushuru chini ya mpango unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Kwao, EPA au bila EPA, mlango uko wazi. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Kwetu, bila EPA, mlango unarudishwa nusu.

Na tuliuona ukirudishwa. Oktoba 1, 2014, tarehe ya mwisho ilipita bila EAC kukamilisha mkataba. Kuanzia siku hiyo maua ya Naivasha na mboga zetu zikaanza kutozwa ushuru zikifika Ulaya, wakati bidhaa za jirani zetu zinapita. Mazungumzo yakamalizwa katikati ya mwezi huo huo, na ushuru ukaondolewa Desemba 25. Zilikuwa wiki 12 tu, lakini zilitosha kuitia Nairobi hofu ambayo haijatoka.

Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Tanzania ilikataa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipinga hadharani, Bunge lao likashauri serikali isitie saini, na Rais John Magufuli akauita mkataba huo aina nyingine ya ukoloni. Burundi nayo ilikuwa na ugomvi wake na Ulaya kuhusu vikwazo. Wakenya wengi waliwaona Watanzania kama waliotuangusha. Mimi nawaelewa. Kama ningekuwa Dodoma, nikiwa na mlango wazi bila kulipa chochote, ningesaini ya nini?

Februari 2021, viongozi wa EAC wakaruhusu anayetaka aendelee peke yake. Kenya ikaendelea. Mazungumzo yalizinduliwa Februari 2022, yakakamilika Juni 2023. Hivyo mkataba ulioandikwa uwe kati ya kanda mbili ukaishia kuwa kati ya nchi 27 upande mmoja na nchi moja upande wa pili, ingawa majirani wamewekewa nafasi ya kujiunga baadaye.

Kwa hivyo faida ya Kenya katika EPA ni uhakika. Mlango haukufunguliwa, umewekewa kitu usijifunge. Kwa mwenye shamba la maua au mwenye kuuza avokado kwa makontena, uhakika huo ni pesa. Mwaka 2022 Ulaya ilinunua kutoka kwetu bidhaa za takriban yuro bilioni 1.2, nyingi zikiwa maua, mboga, matunda, chai na kahawa, na ikatuuzia za takriban yuro bilioni 2. Lakini ukitembea kutoka Olympic hadi Laini Saba, au kutoka Gatina hadi Congo kule Kawangware, hutaona ua moja linalosubiri ndege ya Amsterdam. Kinachoonekana ni cherehani, tanuri za kuyeyushia chuma, vinyozi, vibanda vya chipo, maduka ya simu.

Cherehani mbili Makina

Tuseme kuna dada mmoja Makina, ana cherehani mbili na msaidizi. Ananunua kitenge Eastleigh, kitambaa chenyewe kimetengenezwa China, anakata, anashona gauni. Anapata mteja Berlin kupitia Instagram. Je, gauni hilo ni la Kenya?

Kwa sheria za asili ya bidhaa ndani ya EPA, ndiyo. Kwa nguo za kushonwa, kukata na kushona hapa kunatosha hata kama kitambaa kilitoka nje. Kiwango cha kawaida cha Ulaya kwa nguo nyingi ni asilimia 12, yaani yuro 6 kwa kila yuro 50 za thamani pale ushuru unapotozwa. Likiwa na uthibitisho kwamba ni la Kenya, ushuru ni sifuri.

Lakini chukua jirani yake anayeenda Toi, anaokota jaketi kali za kamera, anaziosha, anazipiga pasi, anazibandika lebo yake nzuri. Huyo hapiti. Mkataba umetaja wazi kazi zisizohesabika kuwa utengenezaji, na kupiga pasi, kufungasha na kubandika lebo ni miongoni mwake.

Uthibitisho wenyewe ni cheti kinachoitwa EUR.1, na kwetu hutolewa na KRA. Sasa, kuna jambo ambalo hata wauzaji wenyewe mara nyingi hawaambiwi: mzigo ukiwa na thamani isiyozidi yuro 6,000, huhitaji cheti hicho. Muuzaji anaandika tamko la asili kwenye ankara yake, anatia saini, basi. Yuro 6,000 ni nguo nyingi kwa mtu wa cherehani mbili. Kifungu hicho kidogo kina maana kwa Makina kuliko hotuba zote za Desemba 2023, na sijawahi kuona bango lake popote mtaani.

Halafu ushuru ukishaondoka, ndipo unakutana na kikwazo chenyewe. Lebo ya nguo Ulaya lazima iseme ni asilimia ngapi ya pamba na ngapi ya poliesta. Rangi fulani za vitambaa zimepigwa marufuku kwa sababu ya kemikali. Muulize muuza kitenge wa Eastleigh rangi hiyo ina nini, uone atakavyokutazama.

Mafundi wa vito wa Kibera wanalijua hili kwa njia ngumu zaidi. Kibera imekuwa na karakana zinazogeuza mifupa na pembe za ng'ombe kuwa shanga, na kufuli kuukuu na mabomba ya maji kuwa bangili na hereni za shaba ya njano. Si kazi ya mchezo. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, mbunifu Vivienne Westwood wa Uingereza alianza kuuza mikoba iliyotengenezwa Nairobi kupitia mradi wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, shirika lenye makao Geneva, na shaba ya mapambo yake ilikuwa ikiyeyushwa Kibera kutoka kwa kufuli na vipande vya magari vilivyotupwa. Kwa hivyo mtaa ulishafika kwenye maonyesho ya mitindo ya Ulaya kabla EPA haijatiwa saini.

Ila tangu 2013, sheria ya kemikali ya Ulaya inasema kipande cha chuma kwenye kito kisizidi asilimia 0.05 ya madini ya risasi. Shaba ya kufuli na bomba mara nyingi huchanganywa na risasi ili ichongeke kwa urahisi. Fundi hawezi kuiona kwa macho wala kuinusa kwenye moshi wa tanuri, ingawa mapafu yake yanaipata. Anahitaji maabara, na anahitaji kulipia kipimo kila anapobadilisha chanzo cha chuma chake. Mwenye kampuni analipia sampuli moja kwa vipande elfu kumi. Fundi wa Kibera analipia sampuli ile ile kwa vipande 40.

Sipingi sheria hiyo. Bangili yenye risasi haifai kuvaliwa na mtoto wa Berlin wala wa Kianda. Ninachosema ni kwamba mkataba una sura nzima ya maendeleo, ina ahadi za ushirikiano na usaidizi, na kama pesa hizo zitaishia kwenye semina za hotelini badala ya kipimo cha bei nafuu kwa mafundi, basi mlango utabaki wazi kwa wale wale waliokuwa wakiupita.

Upande wa Kawangware kuna mfano mwingine, na huu unahusu kile ambacho serikali yetu imeruhusiwa kufanya. Magharibi mwa Kawangware, Dagoretti, ndipo sehemu kubwa ya nyama ya Nairobi huchinjwa. Palipo na nyama pana ngozi. Kwa miaka mingi EAC imetoza ushuru wa asilimia 80 kwa ngozi mbichi inayouzwa nje, ili ibaki hapa, itengenezwe, iwe mshipi, mkoba, viatu vya Kariokor. Ulaya haipendi ushuru wa aina hiyo, kwa sababu viwanda vyake vinataka malighafi. EPA inazuia ushuru mpya wa bidhaa zinazotoka, lakini imeacha mwanya: nchi yetu inaweza kuuweka ili kukuza viwanda vya ndani au kulinda chakula na mazingira, kwa bidhaa chache, kwa muda maalum, baada ya kuwaarifu Ulaya, kisha baraza la pamoja liukague. Si marufuku, ila si uhuru pia. Kesho mtu akisema tufanye na chuma chakavu au avokado kile tulichofanya na ngozi, atalazimika kwanza kubisha hodi.

Nani atajaza pengo

Kuna jambo moja ambalo linaunganisha EPA na mkate, na nashangaa halikusemwa kwa sauti ile ya Juni 2024. Serikali ikipunguza ushuru wa forodha, mapato hayo lazima yatoke kwingine. Bidhaa zikianza kuingia bila ushuru mwaka baada ya mwaka, Hazina haitapunguza matumizi kwa huruma. Itatafuta VAT, itatafuta M-Pesa, itatafuta mafuta ya taa. Ushuru wa mpakani hulipwa na mwagizaji na labda unakufikia baadaye. VAT inakupata hapo dukani, ukiwa na shilingi hamsini mkononi. Pengo la EPA peke yake huenda lisiwe kubwa, kwa kuwa limetandazwa miaka mingi. Lakini wanaolijaza ni watu wa Gatwekera sawa na watu wa Lavington ng'ambo ya barabara kutoka Kawangware, na kwa mtu wa mapato madogo asilimia 16 ni nzito zaidi.

Na hili ndilo linalonifanya niseme kwamba mkataba kama huu ni habari ya vijana. Si kwamba ni mbaya. Bila huo, Kenya ingekuwa kila mwaka ikingoja kurudiwa kwa ile Oktoba ya 2014, na maelfu ya wenzetu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua wangekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Tatizo ni jinsi ulivyopita.

Tena si kwamba hakuna aliyewahi kupigania hilo. Mwaka 2007 jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya lilienda Mahakama Kuu likisema serikali inajadili EPA bila kuwauliza watu watakaoumia. Kesi ikakaa miaka sita. Oktoba 2013 mahakama ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wananchi, wakiwemo wakulima wadogo, na itoe habari za mazungumzo. Wakati huo Katiba ya 2010 ilikuwa tayari inadai ushirikishwaji wa umma, na tangu 2012 tuna sheria ya kutia saini na kuidhinisha mikataba. Kwa maneno mengine, haki ilishashindwa mahakamani na watu wa jembe. Watu wa mtaa hatujaitumia.

Nafasi ya kuitumia bado ipo. EPA ya sasa inahusu bidhaa zaidi. Ndani yake kuna kifungu kinachosema pande mbili zitajadili mambo yaliyoachwa: huduma, uwekezaji, sheria za ushindani, hakimiliki na ununuzi wa serikali. Muda uliowekwa ni miaka mitano tangu mkataba kuanza, yaani hadi katikati ya 2029.

Soma tena neno huduma. Huduma ni kijana wa Kawangware anayeandika manukuu ya video za watu wa Madrid usiku kucha. Ni msichana wa Olympic anayefunza programu za kompyuta kutambua picha, analipwa kwa kila picha. Ni mhariri wa muziki, mchora nembo, mtunza akaunti za duka la mtandaoni ambalo hatalikanyaga kamwe. Ununuzi wa serikali, nao, ni swali kama kampuni ya Ulaya itaruhusiwa kushindania zabuni ambazo leo asilimia 30 yake sheria imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hakimiliki ni beti ulizotengeneza chumbani kwako.

Mambo hayo hayajaandikwa. Mkataba umeweka pia kamati ya mashauriano ambapo wafanyabiashara na mashirika ya kiraia wanatakiwa kuwa na viti, na kiti kisichodaiwa huchukuliwa na mwenye suti. Bungeni, anayeshughulikia ni Kamati ya Biashara, Viwanda na Ushirika. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na hakisemi lazima uwe wakili, wala kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza.